Kinanda cha Kanisa na Muziki wa Jazi

Katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey, lilikuwako kanisa la Wabaptisti ambalo kampuni ya santuri ya Victor ililinunua na kuligeuza kuwa mahali pa kunasia sauti. Ukubwa wa ukumbi wake ulifaa kwa kazi hiyo, na ndani yake mlikuwamo kinanda kikubwa cha mabomba kilichoundwa na Estey. Mnamo Novemba 1926 aliketi mbele ya kinanda hicho kijana mnene wa miaka 22, mwana wa mhubiri, jina lake Thomas Waller, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la utani la Fats. Wimbo alioupiga haukuwa zaburi wala tenzi ya rohoni. Ulikuwa ni St. Louis Blues, bluzi iliyokuwa ikipigwa katika kumbi za dansi tangu 1914.

Mtunzi wa bluzi hiyo, W. C. Handy, naye alikuwa mtoto wa mchungaji. Alizaliwa Florence, Alabama, mwaka 1873. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyodunduliza fedha utotoni akanunua gitaa, na jinsi baba yake alivyomwamuru kulirudisha dukani akapewe kamusi badala yake. Kisha mzee yule yule, aliyeona gitaa ni chombo cha shetani, akatoa fedha mwanawe afundishwe kinanda. Hapana shaka baba huyo alidhani amejenga ukuta baina ya mtoto wake na dunia. Ukuta huo haukudumu. Lakini inafaa kuuliza ulijengwa kwa mawe gani hata ukawa imara machoni mwa wazazi wengi wa namna yake, na kwa nini wapiga vinanda wenyewe, watu walioishi ndani yake kila Jumapili, ndio waliokuwa wepesi kuliko wengine kuuruka.

Kwa hakika kinanda hakikuzaliwa kanisani. Kilibuniwa Iskandaria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na fundi Ktesibio, aliyetumia uzito wa maji kusukuma hewa katika mabomba. Warumi walikipenda kwa ukali wa sauti yake wakakipiga katika viwanja vya michezo, na sakafu ya vijiwe vya rangi iliyofukuliwa Zliten, nchini Libya, inaonyesha mpiga kinanda akiwa kazini huku watu wakiuana kwa silaha mbele ya watazamaji. Wakristo wa kwanza walikuwa na sababu nzuri ya kutokipenda. Mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, kinanda kama zawadi ya kifalme, na katika karne zilizofuata chombo hicho kikaingia taratibu katika makanisa ya Magharibi. Katika makanisa mengi ya Mashariki hakikuingia hata leo. Neno lenyewe la Kiswahili limepita njia inayofanana na hiyo. Katika pwani yetu kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, cha kuimbia katika karamu na sherehe, kabla wamisionari hawajalichukua jina hilo wakalipa chombo chao cha mivukuto. Mwenye kusema kwamba kinanda ni cha kanisa kwa asili husahau kwamba jina na kitu vyote viwili vilihamia huko.

Na hata baada ya kuhamia, kinanda hakikukaa kwa amani. Zwingli, mwanamatengenezo wa Zürich, alikuwa mwanamuziki hodari wa vyombo vingi, na bado ndiye aliyeuondoa muziki katika ibada. Kinanda cha kanisa lake kuu kilivunjwa mwaka 1527. Huko Arnstadt, Ujerumani, mnamo Februari 1706, wakuu wa kanisa walimwita mpiga kinanda wao wa miaka 20 ili ajibu mashtaka. La kwanza lilikuwa la utoro: aliomba ruhusa ya majuma manne kwenda Lübeck kumsikiliza Buxtehude, akakaa huko kiasi cha miezi minne. La pili lilikuwa zito zaidi: kwamba alikuwa akitia katika nyimbo za kanisa mageuzi ya ajabu na sauti ngeni hata waumini wakachanganyikiwa. Kijana huyo alikuwa Johann Sebastian Bach. Mashtaka hayo yangeweza kusomwa, neno kwa neno, mbele ya mpiga kinanda wa Chicago au Harlem miaka mia mbili na zaidi baadaye, na hakuna ambaye angeshangaa.

Sababu ya mfanano huo imo katika kazi yenyewe. Mpiga kinanda wa kanisa hakuwa kamwe mtu wa kusoma noti tu. Padri akichelewa altareni, ilimpasa aujaze ukimya. Wimbo ukiwa juu mno kwa sauti za waumini, aushushe papo hapo. Beti zikiwa sita, azivike mavazi sita yasiyofanana. Katika zama za Bach alipewa mstari wa besi na tarakimu chache juu yake, akaachiwa yeye mwenyewe kuzijaza sauti za kati, kama vile mpiga piano wa jazi anavyopewa leo mwendo wa sauti na herufi za kuandamana nao. Katika karne ya 19, wakati wanamuziki wa kumbi za Ulaya walipozidi kuwa watumishi wa karatasi, ujuzi wa kutunga palepale ulihifadhiwa katika roshani ya kinanda kuliko mahali pengine. Mwaka 1921, huko Philadelphia, Mfaransa Marcel Dupré alipewa nyimbo fupi za kale za kanisa akaketi akatunga simfonia nzima mbele ya wasikilizaji, kabla ya kuiandika. Na ajabu nyingine ni kwamba kinanda alichokipiga, kikubwa sana duniani, kilikuwa dukani, katika jengo la mfanyabiashara Wanamaker. Mtu aliyelelewa katika ujuzi wa namna hii akiisikia jazi, husikia kazi ya mikono yake mwenyewe ikitendwa na jirani.

Haina maana kwamba wote waliipenda. Olivier Messiaen, aliyekipiga kinanda cha kanisa la Utatu mjini Paris tangu 1931 hadi kufa kwake mwaka 1992, na ambaye alikuwa tayari kujifunza kutoka kwa Wahindi, Wajapani na ndege wa mwituni, hakuvutwa na jazi. Masikio yana haki zao. Hapa linalohusu zaidi ni masikio yaliyopenda vyote viwili, na gharama iliyolipwa kwa mapenzi hayo.

Thomas Waller alizaliwa New York tarehe 21 Mei 1904. Baba yake, Edward, alikuwa mfanyakazi wa kawaida na mhubiri, naye alikuwa na desturi ya kuhubiri hata katika pembe za barabara za Harlem; mtoto alibebeshwa kinanda kidogo cha kukanyaga ili nyimbo zipate msaada. Inasimuliwa kwamba mzee alimpeleka mwanawe kumsikiliza Paderewski, mpiga piano mashuhuri wa Poland, kwa tumaini kwamba moyo wake ungeelekea huko. Jazi aliihesabu kuwa muziki wa kuzimu. Mtoto alipofika umri wa miaka kama 15 aliacha shule, akaajiriwa katika jumba la Lincoln, mtaa wa 135, akipiga kinanda cha Wurlitzer chini ya picha za sinema zisizo na sauti kwa mshahara wa dola 23 kwa juma. Mama yake, Adeline, alifariki mwaka 1920, na baada ya msiba huo kijana alihama nyumbani, akapata mwalimu katika James P. Johnson, bingwa wa piano ya Harlem.

Jumba la Lincoln lilikuwa chuo cha ajabu. Kijana mwingine aliyezaliwa mwaka ule ule, William Basie, alikuwa akiketi kila siku karibu na kinanda kumtazama Waller, mpaka siku moja akaitwa asogee; akakaa sakafuni akitazama miguu ya mwenzake juu ya mbao za besi, akizigusa kwa mikono apate kuelewa mwendo wake. Ndivyo Count Basie alivyojifunza kinanda. Mbinu ya kutumia miguu kama mkono wa tatu, iliyokuzwa na mafundi wa kanisa wa Ujerumani, ilimfikia katika jumba la sinema, chini ya vikaragosi na mapenzi ya kuigiza.

Kuipiga jazi katika kinanda cha mabomba si jambo jepesi, na yafaa kueleza kwa nini. Kwanza, bomba haliitiki papo kwa papo: kidole kikishuka, hewa huchukua muda kuamka, na katika chombo kikubwa sauti humfikia mpigaji akiwa amekwisha kwenda mbele. Katika tenzi iendayo polepole kuchelewa huko hakudhuru. Katika mdundo wa jazi, ambao uhai wake wote umo katika nukta ndogo za wakati, ni kama kucheza ngoma na mwenzi anayesikia mlio baada yako. Pili, nguvu ya kidole haibadili ukubwa wa sauti. Mpiga piano hutia mkazo kwa kugonga; mpiga kinanda akigonga atajiumiza bure. Waller alitibu kasoro ya kwanza kwa kutangulia mdundo na kukata sauti fupi fupi, na ya pili kwa kubadili vifundo vya kuamsha safu za mabomba, hata rangi ya sauti ikafanya kazi ya mkazo. Mwenye kuisikiliza leo santuri ya Camden husikia mtu anayekijua chombo chake kwa ndani, si mpiga piano aliyepotea njia. Mkosoaji wa Chicago, Ashton Stevens, aliandika kwamba kinanda kilikuwa kipenzi cha moyo wa Waller, na piano ilikuwa kipenzi cha tumbo lake tu. Kauli hiyo ina mzaha, lakini aliyeisema alikuwa ameyaona mambo sawasawa. Watu walimlipa Waller kwa piano, nyimbo za kuchekesha na kofia iliyopinda. Kinanda alikipiga usiku, nyumbani, na Bach alikuwa mmoja wa watunzi aliowapenda zaidi. Alipokwenda Paris mwaka 1932 alirudi na habari aliyopenda kuisimulia, kwamba alipanda pamoja na Dupré hadi kwenye kinanda cha Notre-Dame. Mtu huonekana vilevile katika yale anayochagua kujivunia, na huyu, ambaye angeweza kujivunia vilabu na umati, alijivunia kinanda cha kanisa kuu.

Ni rahisi kumcheka mzee Edward Waller na wote waliokuwa na mawazo kama yake. Lakini si haki. Makanisa makubwa ya Watu Weusi katika miji ya kaskazini ya Marekani yalikuwa na kwaya zilizoimba Handel, Haydn na Mozart kwa ustadi, na viongozi wake wa muziki walikuwa watu waliosoma kwa shida katika vyuo ambavyo havikuwataka. Utumwa ulikuwa umekoma mwaka 1865 tu. Wazee waliozaliwa ndani yake walikuwa bado wakiketi katika viti vya mbele. Magazeti na maigizo ya Wazungu yaliwaonyesha Watu Weusi kila siku kama viumbe wa kurukaruka na kucheka. Kwaya iliyosimama wima ikaimba Messiah mbele ya watu hao ilikuwa ikitoa hoja juu ya ubinadamu wake, na mpiga kinanda aliyepiga fyuga ya Bach alikuwa shahidi katika kesi hiyo hiyo. Kwa watu kama hao jazi haikuwa ladha nyingine tu ya muziki. Ilikuwa ni kurudishwa kwenye lile jukwaa walilokuwa wakijitahidi kushuka.

Ndiyo sababu Thomas A. Dorsey alipata taabu nyingi. Alizaliwa Georgia mwaka 1899, baba yake mhubiri, mama yake mpiga kinanda wa ibada. Tangu 1924 alikuwa mpiga piano wa Ma Rainey, malkia wa bluzi, na mwaka 1928 yeye na Tampa Red walinasa wimbo wa mzaha wa matusi ya kificho ulionunuliwa mno. Mtu huyu huyu alianza kupeleka makanisani nyimbo zake za Injili, zenye maneno ya sala na mwendo wa bluzi, na wachungaji wengi wakamfungia mlango. Mwaka 1932 alipewa kwaya katika kanisa la Pilgrim Baptist, Chicago. Kiongozi wa muziki wa kanisa hilo, Edward Boatner, mwanamuziki msomi aliyezipamba kwa ufundi nyimbo za kiroho za wazee wake, aliona kazi ya Dorsey ni kuushusha wimbo mtakatifu uende sawa na jazi. Mwaka ule ule mke wa Dorsey alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata. Katika huzuni hiyo akatunga Take My Hand, Precious Lord. Baada ya wimbo huo kuenea, hoja ya Boatner haikubatilika, ila ilipoteza wasikilizaji. Watu walikuwa wamehama kutoka mashamba ya kusini kwa mamia ya maelfu, nao walitaka kumlilia Mungu kwa sauti ya nyumbani kwao. Boatner alitetea heshima mbele ya wageni. Dorsey alitetea faraja miongoni mwa wenyeji. Kati ya wawili hao hakuna aliyekuwa mjinga.

Chombo kilichokuja kuwapatanisha hakikuwa na bomba hata moja. Laurens Hammond, fundi wa saa wa Chicago asiyejua kupiga muziki, alitoa mwaka 1935 kinanda cha umeme, ambamo magurudumu madogo ya chuma huzunguka karibu na sumaku yakazaa sauti. Watengenezaji wa vinanda vya mabomba walikasirika, na tume ya serikali ya biashara ikamshtaki kwamba matangazo yake yalikidai chombo hicho uwezo wa kinanda cha mabomba ambao hakikuwa nao. Katika shauri hilo lilifanywa jaribio katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1937: vyombo viwili vilipigwa kwa zamu bila wasikilizaji kuona, na miongoni mwao wamo wataalamu waliokosea mara nyingi. Si kwamba sauti zilikuwa sawa. Lakini ilidhihirika kwamba sehemu ya utukufu wa kinanda ilikuwa ikiingia kwa macho.

Makanisa maskini, yasiyoweza hata kuota kinanda cha mabomba, sasa yaliweza kununua. Mwaka 1939 Kenneth Morris, aliyekuja Chicago akiwa mpigaji wa jazi, alikiingiza kinanda cha Hammond katika ibada za First Church of Deliverance, ambazo zilitangazwa kwa redio, na watu wakafurika kuja kukiona. Sauti yake inaitika mara moja kidole kiguswapo, hata kwa mlio mdogo kama wa kubofya ambao Hammond aliuhesabu kuwa kasoro. Wapiga jazi waliupenda, kwa sababu ndio uliowapa ule mkazo ambao Waller aliutafuta kwa hila katika mabomba. Tangu 1956 santuri za Jimmy Smith zilikifanya kinanda hicho kuwa mfalme wa vilabu vidogo. Mpigaji akimaliza kazi ya klabu usiku wa Jumamosi aliweza kukikuta chombo cha namna ile ile kikimngoja kanisani asubuhi, na wengi waliishi hivyo, wakitumia vidole vile vile na mara nyingi sauti zile zile, ila maneno yakibadilika.

Wakuu wa makanisa walichelewa zaidi kuliko wapigaji. Papa Pius X alikuwa ameagiza mwaka 1903 kwamba piano isitumike kanisani, wala ngoma, matoazi na vyombo vya kelele. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya wenye mamlaka. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo hoja ilihusu ngoma kuliko jazi, lakini mizizi yake ilikuwa mmoja: Missa Luba ya Kamina, huko Katanga, ilinaswa mwaka 1958, kabla ya idhini hiyo, na padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 16 Septemba 1965 Duke Ellington alipiga tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu katika Grace Cathedral, San Francisco. Wazungu wa kanisa hilo la Kiaskofu walimpokea vema. Mwaka uliofuata, alipolileta tamasha hilo Washington, mji aliozaliwa, umoja wa wachungaji wa Kibaptisti wa huko ulikataa kumuunga mkono kwa kuwa muziki wake ulikuwa wa kidunia. Kukataliwa na watu wa nyumbani kulimuuma, na ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kumkumbuka Boatner. Mwaka 1975 misa ya Mary Lou Williams, iliyotungwa kwa jazi, iliadhimishwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Wakati huo ilionekana jambo la furaha kuliko la fitina.

Waller hakuishi kuyaona hayo. Lakini mwezi wa Agosti 1938, alipokuwa London, kampuni ya HMV ilimweka mbele ya kinanda cha Compton katika nyumba yake ya Abbey Road, naye, pamoja na santuri za kuchekesha alizotakiwa, akanasa nyimbo za kiroho za Watu Weusi: Deep River, Go Down, Moses, Swing Low, Sweet Chariot. Kinanda hicho kilikuwa cha mtindo wa majumba ya sinema, chenye mtetemo mzito wa sauti. Hakuna mzaha ndani yake, ila pale mdundo unapochangamka kidogo, kama mtu akumbukaye alikotoka na asione haya.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1943 katika garimoshi karibu na Kansas City, akirudi kutoka California, kwa ugonjwa wa mapafu, umri wake miaka 39. Ibada ya mazishi ilifanywa katika kanisa la Abyssinian Baptist, Harlem. Adam Clayton Powell Mdogo alihubiri, na waliokosa nafasi ndani walijaa barabarani. Majivu yake yalimwagwa kutoka katika ndege juu ya Harlem, juu ya pembe zile za barabara ambako baba yake alikuwa akihubiri, na yeye, mtoto, akikanyaga mivukuto.